Hilux iliyolala miaka: kuiamsha injini yake, kuifanyia ovaholi au kuweka nyingine?

Mtu amerithi pikapu, au ameuziwa kwa bei ya kutupa kwa sababu imesimama uani muda mrefu. Anamwita fundi. Fundi anafungua boneti, anaona vumbi, viota vya panya na nyaya zilizotafunwa, kisha anatoa hukumu: "Mzee, hii injini imekufa, tutafute nyingine." Mwenye gari anaanza kuuza mahindi.

Nimeona hukumu hiyo ikitolewa mara nyingi mno kabla ya spana yoyote kushikwa. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu. Naulenga hasa kwenye Toyota Hilux za dizeli za toleo la 1988 hadi 1997, yaani LN85 yenye injini iitwayo 2L (ni jina, si lita) na LN106 yenye 3L na difu mbele na nyuma, kwa kuwa ndizo zinazolala kwenye nyua nyingi na ndizo ambazo spea zake bado zinapatikana. Mwenye Isuzu au Nissan ya dizeli ya rika hilo atafuata njia zilezile, ila vipimo na majina ya injini vitatofautiana.

Msimamo wangu nausema mapema: kinachochagua njia ni sababu iliyoilaza pikapu pamoja na hali ya chasisi yake. Sura ya injini baada ya miaka ya vumbi haikuambii kitu.

Chasisi kwanza

Kama chasisi imeoza, hakuna haja ya kulinganisha injini. Lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga kuanzia mbele hadi nyuma, na ukae zaidi kwenye maeneo yanayoshika tope: juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikizo vya springi, na chini ya kebini upande wa ndani wa mhimili (boriti ndefu ya chasisi). Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na bisibisi inaingia.

Pikapu iliyokaa Tanga, Mombasa, Lindi au Unguja inahitaji ukaguzi mkali kuliko iliyokaa Dodoma au Singida, maana hewa ya chumvi haipumziki hata gari likiwa limesimama. Tundu dogo upande mmoja wa mhimili linaweza kukatwa na kuchomelewa bamba na mtu anayejua kazi yake. Kuoza pale mhimili unapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa hapo ndipo mzigo wote unapoegemea. Pikapu ya namna hiyo iuze kwa vipande. Gia boksi, difu, milango na kioo cha mbele vina wateja, na fedha yake inaweza kukununulia pikapu nyingine isiyo na injini lakini yenye chasisi nzima.

Ukiwa huko chini, soma namba ya chasisi na uilinganishe na kadi ya gari. Ikiwa hazifanani, simama hapohapo.

Uliza kwa nini ililala

Usimuulize anayeuza peke yake. Mtafute dereva wa mwisho, au jirani aliyeiona ikiingizwa uani. Majibu huwa ya aina tatu.

La kwanza: mwenyewe alifariki, alihama, au betri ilikufa na fedha ya kununua nyingine haikupatikana. Yaani pikapu iliingia uani ikitembea. La pili: ilichemsha, yaani injini ilizidi joto. La tatu: ilianza kugonga ndani, ilikuwa inakula oili, au taiming belti ilikatika njiani. Kwenye injini hizi za L belti ikikatika valvu hugonga pistoni, kwa hiyo usidhani utafunga belti mpya na kuondoka.

Jibu la kwanza linaelekea kwenye kuamsha, la pili mara nyingi kwenye injini nyingine, na la tatu kwenye ovaholi (kuifungua injini yote na kuifanya upya) au injini nyingine. Lakini maneno ya watu yanahitaji kuthibitishwa na chuma chenyewe.

Vipimo vya bei ndogo kabla ya kuamua

Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Kijiti kikionekana safi bado usiridhike: legeza boliti ya chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) polepole, bila kuitoa yote. Maji ni mazito kuliko oili, na baada ya miezi ya kutulia yanakuwa yamekaa chini kabisa, kwa hiyo ndiyo yatakayotangulia kutoka. Fungua pia mfuniko wa rejeta uone kama kuna utando wa oili juu ya maji.

Halafu izungushe injini kwa mkono. Gia iwe huru, spana iwe kwenye boliti ya puli ya krankishafti. Kipimo hiki ndicho mafundi wengi wanakiruka, wakakimbilia kupiga stata au kuivuta pikapu kwa trekta ikiwa imetiwa gia. Injini iliyoshikwa na kutu kidogo ikivutwa kwa nguvu hukata ringi, na kama kuna maji juu ya pistoni, konrodi hupinda. Mwambie fundi kwa heshima lakini kwa uthabiti: "Fundi, naomba tuizungushe kwa mkono kwanza." Fundi mzuri hatakasirika.

Ikikataa kuzunguka, toa nozeli zote nne, mimina dizeli iliyochanganywa na ATF (mafuta ya gia boksi ya otomatiki) kidogo ndani ya kila silinda, iache siku kadhaa, kisha ijaribu kwenda mbele na nyuma kwa nyuzi chache. Usiilazimishe upande mmoja. Nyingi zilizoitwa maiti huachia hapo. Ikiachia, izungushe kwa stata nozeli zikiwa bado nje, ili kilichobaki ndani kitapikwe kupitia matundu hayo. Jifunike uso na usisimame karibu.

Kisha pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda, kwa geji ya dizeli, maana ya petroli haihimili. Kwa injini za 2L na 3L kiwango cha kiwandani ni kilo 32 kwa sentimita ya mraba, cha chini kinachokubalika ni kilo 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 5. Betri iwe nzima. Stata ikizunguka kwa uvivu inadanganya geji. Kuna jambo jingine linalowapotosha watu hapa. Ringi zilizokauka kwa miaka hutoa namba ndogo, na silinda iliyotoka kumiminiwa mafuta hutoa namba kubwa isiyo ya kweli. Kwa hiyo kipimo cha siku ya kwanza kisikukatishe tamaa wala kisikufurahishe. Injini ikikubali kuwaka, ipime tena baada ya kuwaka hadi ikapata moto wa kawaida mara chache. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja huku nyingine zikiwa nzima, shuku gasketi ya hedi (kichwa cha injini) katikati yake.

Njia ya kwanza: kuiamsha ilivyo

Njia hii naipenda kuliko zote, na sababu si hisia. Injini iliyozaliwa na pikapu ina mabano yake, nyaya zake, mipira yake na namba iliyoandikwa kwenye kadi. Hakuna kinachobuniwa.

Kazi yake kubwa iko kwenye mafuta. Dizeli iliyokaa tangini hukusanya maji chini, na mahali maji na dizeli vinapokutana huota utelezi mweusi unaoziba filta. Pampu ya dizeli ya injini hizi haina oili yake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Ukiipa maji, unaikwaruza. Kwa hiyo usidanganyike na kauli ya "kuna nusu tangi humo, tupige tu". Shusha tangi, lioshe, uone ndani kama kuna kutu. Wakati linakauka, weka dumu la dizeli safi karibu na injini na utumbukize mipira yote miwili humo, wa kuvuta na wa kurudisha. Funga filta mpya, sukuma dizeli kwa kipampu cha mkono kilicho juu ya filta hadi kiwe kigumu, legeza nati za nozeli, piga stata hadi dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza.

Isipowaka, angalia waya mmoja kabla ya kuilaumu pampu. Juu ya pampu kuna swichi ya umeme inayofungua dizeli unapowasha funguo. Panya akila waya huo, dizeli haipiti hata pampu ikiwa mpya. Ulete umeme wa volti 12 moja kwa moja kutoka betri. Ukisikia "tik", swichi ni hai. Pampu nyingi zimepelekwa kufunguliwa bure kwa sababu ya waya huo. Plagi za hita nazo zipime moja moja, hasa Njombe, Mbulu, Limuru na kwingine kwenye baridi ya asubuhi.

Taiming belti ibadilishwe hata kama inaonekana nzuri. Toyota wanaipangia kilomita 100,000, lakini mpira huzeeka pia ukiwa umesimama. Ukiwa umefungua hapo, badilisha pampu ya maji, themostati na sili ya mbele ya krankishafti, maana kuvifikia tena ni kazi ileile. Rejeta ipelekwe ikafunguliwe na kusafishwa kwa ndani.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba matatizo yanajitokeza mojamoja. Leo sili ya pampu inavuja, wiki ijayo mpira wa juu wa rejeta unapasuka. Anayetaka kubeba mzigo kwenda mnadani Jumamosi hii hii atachoka mapema. Mwenye subira atatumia fedha kidogo kuliko wa njia nyingine zote.

Njia ya pili: ovaholi

Ovaholi kamili maana yake ni kupima silinda, kutoboa bloku kwa saizi inayofuata, kuweka pistoni na ringi za saizi hiyo, kusaga krankishafti, kufunga beringi za konrodi na za krankishafti, pampu ya oili, sili na gasketi zote, kusaga valvu, na kupeleka nozeli na pampu ya dizeli kupimwa kwenye mashine. Ukifanya yote, una injini mpya ndani ya ganda la zamani.

Tatizo ni kwamba wengi wanalipia ovaholi na kupata robo yake. Ringi mpya zinatiwa kwenye silinda zilizokwisha kuwa za yai (zisizo duara tena), moshi unapungua miezi mitatu, kisha unarudi na oili inapotea vilevile. Kama fedha haitoshi kufanya kazi nzima, afadhali usubiri. Nusu ovaholi ndiyo njia ghali kuliko zote katika ulinganisho huu.

Kwa 2L iliyochemsha kuna onyo la peke yake. Hedi zake zinajulikana kwa kupasuka katikati ya valvu ya kuingiza na ya kutoa. Kwa hiyo, kabla ya kununua pistoni hata moja, hedi ivuliwe na ipimwe ufa kwa presha ya maji au hewa. Kuichonga ikawa bapa hakuondoi ufa. Hedi mpya zisizo za Toyota zinauzwa, lakini ubora wake unatofautiana sana. Omba uione, ipimwe nayo, ndipo ulipe.

Ovaholi ina maana zaidi kwa 3L iliyochoka kwa umri bila kuchemsha. Bloku yake inastahili kutunzwa, na ukimaliza unajua kila kilichomo ndani, jambo ambalo injini ya mtumba haikupi kamwe. Weka alama zako kwenye bloku na krankishafti kabla ya kuzipeleka kuchongwa, na ukae na orodha ya vipimo vilivyoandikwa na mchongaji. Spea ulizozitoa zirudi mkononi mwako.

Njia ya tatu: injini nyingine

Injini za mtumba hutoka Japan, nyingine zikipitia Sharjah na Dubai, na zinauzwa Gerezani pale Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi, na Kisekka huko Kampala. Uzuri wa Hilux ni kwamba 2L, 3L na 5L ni ukoo mmoja. Zinakaa mahali palepale na kuungana na gia boksi ileile kwa marekebisho madogo.

| Injini | Ujazo (cc) | Kipenyo na mwendo wa pistoni (mm) |
|---|---|---|
| 2L | 2,446 | 92 × 92 |
| 3L | 2,779 | 96 × 96 |
| 5L | 2,986 | 99.5 × 96 |

Zote zina pampu ya kimakanika, hazihitaji kompyuta. Kwa mwenye 2L iliyopasuka hedi, kuweka 3L ni kupata nguvu zaidi ya kupanda na mzigo na kuondokana na hedi yenye sifa mbaya kwa mpigo mmoja.

Injini nyingi za 3L na 5L sokoni zimetolewa kwenye Hiace. Sampu, mabano na baadhi ya mabomba ya Hiace hayakai kwenye Hilux, kwa hiyo utahamisha ya kwako. Ndiyo sababu nasisitiza usiikabidhi injini ya zamani kama sehemu ya malipo kabla mpya haijawaka na kutembea. Kipande kimoja cha bano kinaweza kukusumbua wiki nzima.

Wapo watakaokushawishi uweke 1KZ-TE, dizeli ya turbo ya 2,982 cc. Ina nguvu, hilo sibishi. Lakini inatawaliwa na kompyuta, inataka nyaya zake zote na sensa zake, na hedi yake nayo haipendi joto. Kama hukuinunua pamoja na nusu nzima ya mbele ya gari ilimotoka, achana nayo.

Dukani, izungushe kwa mkono kama ulivyoizungusha ya kwako. Fungua kifuniko cha juu: tope jeusi lililoganda linasimulia oili isiyobadilishwa. Chungulia matundu ya kutolea moshi kama yameloa oili. Omba ipimwe kompresheni palepale chini. Stata na betri vinatosha, na muuzaji anayekataa amekujibu. Makubaliano ya kurudishiwa yaandikwe, na risiti iwe na namba ya injini. Namba hiyo ndiyo itakayokwenda kwenye kadi mpya. Huku Tanzania ni kazi ya TRA (mamlaka ya mapato), Kenya ni NTSA (mamlaka ya usafiri). Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu anayelitafuta.

Kama ni ya petroli

Kwa injini ya petroli iitwayo 22R, ya 2,366 cc, kuamsha huwa rahisi. Petroli ya zamani huacha gundi, kwa hiyo kabureta ifunguliwe na kusafishwa na tangi limwagwe. Kompresheni yake ya kiwandani ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 171 na ya chini ni 142. Sikiliza mlio wa cheni mbele: reli za plastiki zinazoiongoza zikivunjika, cheni husaga kasha la mbele hadi maji yanaingia kwenye oili. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya oili yenye maji ambayo haina uhusiano na hedi.

Gharama ambazo hazibadiliki

Njia yoyote utakayochagua, haya yatakusubiri, na watu huyasahau wanapopiga hesabu. Masta silinda na silinda za magurudumu hushikwa na kutu kwa kuwa mafuta ya breki hunyonya unyevu. Mipira ya breki huvimba ndani na kufungia gurudumu. Sahani ya klachi hugandamana na flaiwili. Tairi hupasuka hata zikiwa na meno yote. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye tarakimu tatu tu ilitengenezwa kabla ya 2000, usiende nayo popote. Tenga fedha ya breki na tairi kwanza, na kinachobaki ndicho bajeti ya injini. Pikapu inayowaka vizuri lakini haisimami itaua mtu.

Ningechagua nini

Chasisi nzima, iliingia uani ikitembea, inazunguka kwa mkono na kompresheni iko juu ya kilo 20 baada ya injini kupata moto wa kawaida: iamshe, na umwambie anayekuuzia injini kwamba utamtafuta ukimhitaji.

2L iliyochemsha: pima hedi. Ikiwa nzima, badilisha gasketi, shughulikia rejeta iliyosababisha joto, endelea nayo. Ikiwa na ufa, weka 3L ya mtumba. Sitaifanyia 2L hiyo ovaholi isipokuwa nimepata hedi ninayoiamini na bloku imepimwa.

3L inayokula oili au inayogonga, na uko karibu na mji wenye mchongaji wa kuaminika kama Arusha, Mwanza au Dar: ovaholi kamili. Ukiwa mbali, ambapo kila boliti lazima itumwe kwa basi, injini nyingine iliyopimwa itakurudisha barabarani mapema, na ya zamani uihifadhi kavu, imefunikwa, matundu yake yameziba kwa matambara yaliyolowa oili. Bloku ya 3L iliyotunzwa ina mnunuzi siku yoyote.

Iliyokatika taiming belti: vua hedi uone kabla ya kuamua. Valvu zilizopinda peke yake ni kazi ya hedi. Pistoni ikiwa na jeraha, rudi kwenye mstari wa 2L au wa 3L hapo juu, kutegemea uliyonayo.

Na ukiwa na pikapu mbili mbovu za aina moja, moja ikiwa na chasisi nzima na nyingine ikiwa na injini inayozunguka, huhitaji Gerezani. Unganisha hizo mbili, ukianza kwa kadi ya ile yenye chasisi.